HANS PETER LUHN: MZEE WA NYUZI ALIYEANZA KUSAGA NAMBA

Leo tuweke siasa na mpira pembeni kidogo.

Shika simu yako, iwe ya batani au ya kugusa, halafu piga *#06#. Zitatokea tarakimu 15. Ile ya mwisho kabisa haikuwekwa hivi hivi tu, imepatikana kwa hesabu iliyobuniwa na mzee mmoja aliyezaliwa Ujerumani, Hans Peter Luhn. Kadi yako ya benki ni hivyo hivyo. Na kila ukiingiza neno la siri, paswedi yenyewe, kwenye barua pepe, kuna wazo lililoanzia kwake linafanya kazi huko ndani. Mzee mwenyewe alifariki 1964, wakati kompyuta moja ilikuwa inajaza chumba kizima.

Kwa watu waliosoma mambo ya kompyuta jina lake ni kubwa. Huku kwetu Mombo ukilitaja kwenye kafe utaulizwa anachezea timu gani. Ndiyo maana nimeona nimwandike. Sababu nyingine ni kwamba wazo lake lilikuja kutumika mahali ambapo halikufaa, na walioliwa ni pamoja na kila mtu aliyekuwa na akaunti ya Yahoo mwaka 2013. Hapo wengi wetu tumo. Nitafika huko, tulieni.

Luhn alizaliwa tarehe 1 Julai 1896 katika mji wa Barmen, ambao leo ni sehemu ya jiji la Wuppertal. Mwaka huo huo wa 1896 Wajerumani walifungua kipande cha kwanza cha reli yao kutoka Tanga hadi Muheza. Luhn alikuwa mtoto wa shule reli hiyo ilipofika hapa Mombo, mwaka 1905. Simaanishi kwamba aliwahi kukanyaga huku, hapana. Nataka tu mjue ni zama zipi. Wakati babu zetu wanapasua udongo wa tuta la reli, kule kwao dogo huyu alikuwa anakua kwenye nyumba ya mpiga chapa. Baba yake alikuwa fundi wa kuchapa vitabu, tena fundi hodari, na kijana alipomaliza shule alipelekwa St. Gallen, Uswisi, akajifunze kazi hiyo hiyo ili aje ashike biashara ya familia.

Vita Kuu ya Kwanza ikavuruga mipango. Luhn akaingia jeshini, akawa afisa wa mawasiliano upande wa Ujerumani. Huku kwetu vita hiyo hiyo ilipita mlangoni kabisa. Wajerumani walitandaza reli ndogo ya matoroli kutoka Mombo kwenda Handeni, na Juni 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yakashuka na reli kuu, yakaichukua Mombo, kisha yakaifuata njia ile ya matoroli kuelekea Handeni. Wazee wa hapa hadi juzi juzi walikuwa wanahadithia.

Vita ilipoisha Luhn alirudi Uswisi akamalizia masomo. Lakini uchapaji haukumshika. Aliingia kwenye nguo, na mwaka 1924 akavuka bahari kwenda Marekani kwa shughuli za viwanda vya nguo. Hakurudi tena kuishi kwao.

Sasa hapa ndipo akili yake ilipoanza kuonekana. Kiwandani, ubora wa kitambaa unapimwa kwa kuhesabu nyuzi ngapi zimepita katika inchi moja. Kazi hiyo ilikuwa inafanywa kwa macho na kioo cha kukuzia, uzi mmoja mmoja. Ukikohoa tu umepoteza hesabu, unaanza upya. Luhn akatengeneza kitu kama rula ya kioo, kimechorwa mistari myembamba sana. Unakilaza juu ya kitambaa, mistari na nyuzi zinagongana machoni, panatokea kivuli fulani, na kivuli kile kinakuonyesha namba yenyewe. Hakuna kuhesabu. Akakiita Lunometer, kwa jina lake mwenyewe, na kikaendelea kuuzwa viwandani miaka mingi baada ya yeye kuzikwa.

Mimi naona maisha yake yote yapo ndani ya hiyo rula. Kila alichofanya baadaye kilikuwa namna ya kukwepa kuhesabu kimoja kimoja.

Kuanzia 1933 alikuwa na ofisi yake ya ushauri wa ufundi. Huyu jamaa hakuchagua kazi. Alibuni koti la mvua la kukunja, alibuni meza ya michezo, alibuni hata kitu cha kumwelekeza mlevi: unaangalia una vinywaji gani kabatini, kinakuonyesha unaweza kuchanganya pombe za aina gani. Msicheke. Kutafuta kwa kuunganisha sifa kadhaa kwa mpigo ndiyo kazi tunayoipa Google kila siku, yeye alianza na chupa. Hadi anafariki alikuwa na hataza zaidi ya 80 kwa jina lake.

Mwaka 1941 kampuni ya IBM ikamchukua. Alikuwa na miaka 45, umri ambao huku kwetu mtu anaambiwa amechelewa kuanza. IBM ya wakati ule ilikuwa inaishi kwa kadi za matundu: taarifa ya mtu au bidhaa inatobolewa kwenye kadi ya karatasi ngumu, mashine inazisoma na kuzipanga. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wanakemia wawili, James Perry na Malcolm Dyson, wakaja na kilio chao. Dawa na kemikali zilikuwa zimegunduliwa nyingi mno, maandishi yamejaa makabatini, na mtu akitaka kujua kama mchanganyiko fulani umeshaandikwa anapoteza siku nzima kupekua. Kazi ikaangukia kwa Luhn. Akaunda mashine ya kupitisha kadi mbele ya mwanga, ikawa inachagua zile zinazofanana na unachokitafuta. Toka hapo mambo ya kutafuta yakamwingia damuni.

Halafu ikaja Januari 1953. Luhn aliandika waraka wa ndani, wa kusomwa na wenzake wa IBM tu. Ndani yake kulikuwa na wazo ambalo leo kila programu duniani inalo. Ngoja nilieleze taratibu, na wale wenye haraka msiruke, maana habari ya paswedi imejengwa juu yake.

Chukulia una daftari la watu milioni moja, kila mmoja na namba yake. Mtu anakuja na namba, unataka kumpata. Ukianza ukurasa wa kwanza utazeeka. Luhn alisema kwa kifupi hivi: usitafute, piga hesabu. Ichukue namba yenyewe, isage, upate namba fupi, na hiyo namba fupi ndiyo ikuonyeshe ndoo gani uweke kumbukumbu. Akirudi kesho unaisaga tena namba yake, unapata ndoo ile ile, unachungulia humo tu. Watu milioni moja wengine huwagusi.

Mfano wa kusaga. Chukua 0123456789. Igawe mbili mbili: 01, 23, 45, 67, 89. Jumlisha kila pacha: 1, 5, 9, 13, 17. Panapozidi tarakimu moja chukua ya mwisho tu: 1, 5, 9, 3, 7. Ndoo yako ni namba 15937. Basi. Imeisha hiyo.

Sasa jiulize, mimi nikikupa 15937 peke yake, unaweza kuniambia namba ya mwanzo ilikuwa ipi? Huwezi. Ile 1 ya mwanzo inaweza kuwa imetoka 01 au 10 au 29 au 38. Ni kama mashine ya kusaga pale sokoni: unapeleka mahindi unarudi na unga, lakini hajazaliwa wa kukuchukulia unga akurudishie punje. Kusaga huku ndiko wataalamu wanakoita hashi. Luhn hakulitumia neno hilo kwenye waraka wake. Lilianza kama msamiati wa mitaani wa mafundi, maana yake kukatakata na kuvuruga, na lilipita miaka zaidi ya kumi kabla halijapata heshima ya kuandikwa kwenye makala.

Kwa Luhn, kutoweza kurudi nyuma halikuwa lengo. Alichokitaka yeye ni kasi. Likumbukeni hilo.

Mwaka uliofuata, Januari 1954, akapeleka ombi la hataza ya kifaa kingine, akakubaliwa Agosti 1960. Ni kamashine kadogo ka mkononi, ka magurudumu, ka kuhakiki namba. Tatizo alilolilenga mnalijua: karani ananakili namba ndefu, anakosea tarakimu moja au anazibadilisha mbili zilizo jirani. Luhn akaongeza tarakimu moja mwishoni, ya kulinda zingine.

Tuijaribu na namba fupi, 2541. Anzia kulia. Ya kwanza unaizidisha mara mbili, inayofuata unaiacha, inayofuata unaizidisha, hivyo hivyo. 1 inakuwa 2. 4 inabaki 4. 5 inakuwa 10, na ikiwa tarakimu mbili unazijumlisha, 1 na 0 ni 1. 2 inabaki 2. Jumla ni 9. Inahitajika ngapi kufika 10? Moja. Basi namba kamili ni 25411. Karani akiteleza akaandika 24511, hesabu inatoa jumla 17, tarakimu ya ulinzi ilitakiwa kuwa 3 na siyo 1. Amekamatwa. Njia hii inakamata kila kosa la tarakimu moja, na karibu kila kosa la kubadilishana majirani, isipokuwa 09 na 90 tu ndizo zinazopenya.

Ndiyo hiyo iliyomo kwenye kadi za benki na kwenye zile tarakimu 15 za simu. Namba za simu zenyewe, zile za kupigiana, hazina ulinzi wa namna hii, na ndiyo sababu ukiteleza kidole kimoja pesa yako inaweza kumwangukia mtu baki na inabidi usome jina kwanza kabla hujathibitisha. Laiti waliopanga namba wangemsikiliza mzee!

Lakini hapa kuna jambo. Mnakumbuka Juni 2016, TCRA ilipozima simu feki? Kenya walikuwa wametangulia mwaka 2012. Kuna watu walishangaa simu zao zinaonyesha tarakimu 15 safi kabisa, hesabu inakubali, na bado zimezimwa. Hakuna cha kushangaza. Mtengenezaji wa feki ananakili namba ya simu halali, na namba iliyonakiliwa inapita mtihani wa Luhn bila wasiwasi. Au anatunga tarakimu 14 zake halafu anapiga hesabu ya 15 mwenyewe, kwani hesabu si siri, mimi nimewafundisha hapo juu kwa dakika mbili. Luhn alimjengea ukuta karani anayekosea. Mwizi hakuwa kwenye mpango. Kukosea na kuiba ni vitu viwili, na dawa zake ni mbili.

Umaarufu wa Luhn alipokuwa hai haukutokana na hayo mawili, eti. Ulitokana na maandishi. Mwaka 1958 alichapisha makala ya kueleza namna kompyuta inavyoweza kufupisha makala ndefu: inahesabu maneno yanayojirudia, inachagua sentensi zilizobeba maneno hayo, inakupa muhtasari. Novemba mwaka huo, kwenye mkutano mkubwa wa kimataifa wa taarifa za kisayansi mjini Washington, kazi zake ndizo zilizozungumzwa. Alibuni pia faharasa inayopanga vichwa vya makala kwa kila neno lililo muhimu ndani yake, na kuanzia 1961 wanakemia wa Marekani walikuwa wanachapisha jarida zima kwa mtindo huo. Mwaka huo huo 1961 akastaafu IBM. Mwaka 1964 alikuwa rais wa chama cha wataalamu wa nyaraka wa Marekani, na tarehe 19 Agosti akafariki nyumbani Armonk, jimbo la New York, akiwa na miaka 68.

Habari ya mtu huwa inaishia makaburini. Ya huyu ndiyo inanoga.

Wakati Luhn anastaafu, pale chuo cha MIT kulikuwa na kompyuta kubwa ya kwanza kutumiwa na watu wengi kwa zamu, chini ya Fernando Corbató. Kila mtumiaji akapewa neno la siri. Yalihifadhiwaje? Yaliandikwa tu kwenye faili, kama orodha ya wadaiwa dukani. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, alitaka muda zaidi wa kutumia mashine, akaomba kompyuta imchapishie faili hilo, ikamchapishia. Miaka michache baadaye ikatokea kali zaidi: kwa hitilafu, faili la maneno ya siri likabadilishana na faili la tangazo la siku, na kila aliyeingia akawa anapokelewa na maneno ya siri ya watu wote. Fikiria unafungua kompyuta ya kafe, kwenye kioo zinaorodheshwa paswedi za mji mzima, na za kwako zimo.

Tiba ikapatikana Cambridge, Uingereza, miaka hiyo hiyo ya 1960. Roger Needham na Mike Guy waliona kwamba kompyuta haina haja ya kulijua neno lako. Inachohitaji ni kujua kama umeandika lile lile la jana. Basi ulisage, uhifadhi unga, punje utupe. Mtu akirudi, saga alicholeta, linganisha unga na unga. Faili likiibiwa, mwizi ameiba unga. Unaona? Ni ile kutoweza kurudi nyuma ambayo kwa Luhn ilikuwa bahati tu, sasa imekuwa ndiyo kazi yenyewe. Mashine ya kusagia ilibidi iwe ngumu zaidi, kwani ile ya kujumlisha pacha unaweza kuitungia namba nyingine yenye unga sawa hata ukiwa unakunywa chai.

Akaja Robert Morris wa Bell Labs. Huyu mwaka 1968 ndiye aliandika makala kubwa ya hashi kwa ajili ya kutafuta, yaani wazo la Luhn, na ni miongoni mwa makala zilizolitoa lile neno mitaani. Miaka 11 baadaye, 1979, yeye na Ken Thompson wakaandika kuhusu maneno ya siri. Walikusanya maneno 3,289 ya watu. Asilimia 86 yalikuwa mafupi mno au rahisi mno, mengine yamo kwenye kamusi. Watu 15 walikuwa wametumia herufi moja. Moja!

Hapo wakaona tundu kwenye wazo la unga. Mwizi hahitaji kurudisha punje. Anachukua kamusi, anasaga kila neno, anaangalia unga upi unafanana na ulioibiwa. Na hapa kile alichokihangaikia Luhn maisha yake yote, kasi, kinamgeuka mwenye nyumba. Mashine inayosaga haraka inamhudumia mwizi haraka vile vile. Kwa hiyo Morris na Thompson wakafanya mambo mawili. Waliifanya mashine iwe nzito makusudi, inazungusha mara 25 kabla haijatoa unga. Halafu wakaongeza chumvi.

Kwa Kiswahili mtu akitia chumvi anaongeza uongo kwenye hadithi. Kwenye kompyuta ni karibu na hivyo. Chukua mashabiki wawili wa Yanga hapa Mombo, hawajuani, wote neno lao la siri ni yanga1935. Bila chumvi unga wao ni mmoja, herufi kwa herufi. Mwizi akimjua mmoja amewajua wote wawili, na mashabiki wengine wote nchi nzima wenye akili hiyo hiyo. Kwenye chumvi, kompyuta inamtungia kila mtu vitu vya ovyo ovyo, tofauti na vya mwenzake, inavichanganya na neno lake kabla ya kusaga. Unga unatoka tofauti kabisa. Chumvi yenyewe inaandikwa pembeni ya unga, haifichwi. Inachofanya ni kumlazimisha mwizi aanze upya kwa kila mtu. Kamusi aliyoisaga nyumbani kwa miezi sita akaja nayo mfukoni haimfai kitu. Chumvi ya 1979 ilikuwa na aina 4,096 tu, siku hizi ni ndefu kupita kuhesabu.

Sasa tuje kwa Yahoo. Agosti 2013 wezi waliingia. Kampuni ikatangaza Desemba 2016 kwamba akaunti bilioni moja zimeguswa, halafu Oktoba 2017 ikasahihisha: zote, bilioni tatu. Hapo hakuna cha kusema mimi wa Tanga hawanijui, zote ni zote. Na maneno ya siri yalikuwa yamesagwa kwa MD5, mashine ya mwaka 1991 iliyotengenezwa iwe na kasi. Kadi moja ya picha, hizi za kuchezea gemu, inaweza kusaga MD5 mabilioni kwa sekunde moja. LinkedIn nao mwaka 2012 unga wao ulivuja, wa mashine nyingine yenye kasi, na chumvi hawakuweka hata punje. Tovuti ya RockYou mwaka 2009 ndiyo ilikuwa kituko, maneno milioni 32 yamehifadhiwa mabichi kama ya MIT. Lililoongoza kwa kupendwa lilikuwa 123456.

Mkitaka kuona kwa macho, andikeni hii kwenye Google: e10adc3949ba59abbe56e057f20f883e. Huo ni unga wa MD5 wa hiyo 123456 usio na chumvi. Mtandao mzima unaujua, ni kama umeandika jina lako.

Kinachonikera ni kwamba dawa ilikuwepo. Chumvi ipo toka 1979. Mashine nzito ya bcrypt ipo toka 1999, unaweza hata kuipangia uzito kadiri kompyuta zinavyozidi kuwa kali. Mwaka 2015 ikashinda nyingine kwenye mashindano, Argon2, inayokula na kumbukumbu ya kompyuta ili mwizi asiweze kupanga kadi elfu zisage kwa pamoja. Zote ni za bure. Kijana anayejifunza kutengeneza tovuti anaziweka kwa mistari miwili mitatu. Ukiona mtu amejitungia mashine yake ya kusaga nyumbani, mkimbie.

Na msidhani ni tatizo la wazungu tu. Mimi mwenyewe niliwahi kubonyeza kitufe cha nimesahau neno la siri kwenye mfumo mmoja wa hapa hapa nchini, jina nalihifadhi, nikaletewa kwenye barua pepe neno langu lile lile, herufi kubwa na ndogo zote mahali pake. Hiyo maana yake ni moja: hawakusaga kitu, wanazo punje zetu ghalani, na yeyote mwenye ufunguo wa ghala anazisoma. Mfumo uliosaga vizuri hauwezi kukurudishia neno lako hata ukiulilia. Utakachopewa ni nafasi ya kuweka jipya. Jaribuni kwenye mifumo mnayotumia, ya shule, ya saccos, ya maombi ya kazi. Ukiletewa neno lako, basi popote pengine ulipotumia neno hilo hilo kalibadilishe leo, kabla hujatoka hapo kafe.

Turudi kwa mzee. Wale mliopiga *#06# chukueni tarakimu 14 za kwanza. Ya pili, ya nne, ya sita, hadi ya 14, zidisheni mara mbili, zikizidi tisa jumlisheni zenyewe kwa zenyewe. Ongezeni na zile zilizobaki. Kinachopungua kufika kumi inayofuata kilingane na tarakimu ya 15. Mimi nimeifanya kwa simu yangu na ya jirani yangu muuza machungwa, zote mbili zimekubali. Ambaye ya kwake imekataa atuandikie hapo chini ni simu ya aina gani na aliinunua wapi. Ila namba yenyewe msiiweke hapa, tafadhali.